Msiwavishe watoto wote mtaala mmoja

WAPO wazazi mijini walioamua kuwasomesha watoto wao nyumbani. Baadhi wamechoshwa na karo, wengine na msongamano wa madarasa, na wengine hawapendi kuona mtoto mdogo akisubiri basi la shule gizani. Kila mzazi ana sababu zake na hatuna nia ya kuzikosoa. Linalotutia wasiwasi ni jinsi mtaala unavyochaguliwa.

Aghalabu mzazi husikia kwa rafiki kwamba mtaala fulani ni mzuri, akanunua vitabu vya watoto wote kwa mpigo. Kisha huwaketisha mezani wa miaka 4, wa miaka 8 na wa miaka 13, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri. Hiyo ni shule ile ile aliyoikimbia, ila tu imehamia sebuleni. Vidole vya mkono havilingani, na miili ya watoto hawa watatu haina mahitaji sawa.

Tuanze na yule mdogo. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka 3 hadi 4 anahitaji angalau dakika 180 za kucheza na kutembeatembea kwa siku, usingizi wa saa 10 hadi 13, na asikae mbele ya runinga au simu kwa zaidi ya saa moja. Mtaala unaomtaka ajaze kurasa kumi za herufi kila asubuhi unapingana na mwili wake. Vidole vyake bado havijapata nguvu ya kushika kalamu kwa muda mrefu. Mpeni unga akande, maharagwe apange, karatasi akate, na hadithi asikilize. Hayo ni masomo kamili.

Wa miaka 8 ndiye anayehitaji mzazi zaidi, kwa sababu kusoma na hesabu ndiyo nguzo za elimu yake yote ya baadaye. Huyu akae na mzazi wawili peke yao, kwa vipindi vifupi. Charlotte Mason, mwalimu wa Uingereza aliyefariki mwaka 1923, alisisitiza kwamba masomo ya watoto wadogo yawe mafupi ili wasipoteze makini, na wazazi wengi wa elimu ya nyumbani hufuata ushauri wake hadi leo. Baada ya hapo mtoto atoke nje. WHO inapendekeza dakika 60 za mazoezi kwa siku kwa walio na miaka 5 hadi 17, na mwanga wa nje husaidia kuwakinga watoto na tatizo la kutoona mbali.

Kuhusu macho, kuna hatari ambayo wengi hawaifikirii. Shuleni, mtoto asiyeona ubao hutambuliwa na mwalimu. Nyumbani hakuna ubao, vitabu viko karibu, na tatizo linaweza kujificha kwa miaka. Mpelekeni akapimwe kabla ya kumwita mvivu.

Wa miaka 13 naye ni jambo jingine. Anapobalehe, saa ya mwili hubadilika, akachelewa kusinzia na akawa mzito asubuhi. Anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10, na nyumbani mna uhuru wa kuanza masomo yake saa tatu badala ya saa moja. Anaweza kujisomea, lakini asiachwe mpweke. Mtafutieni timu ya mpira, kwaya au kundi la rika lake.

Je, ni lazima kununua mitaala mitatu? La hasha. Historia, sayansi, hadithi, muziki na upishi vinaweza kufundishwa kwa pamoja: mdogo achore, wa kati asimulie, mkubwa aandike insha. Kusoma na hesabu pekee ndiko kila mmoja afuate kiwango chake. Mtaala wa ACE, ulioanzishwa Marekani mwaka 1970, hutumia vijitabu ambavyo mtoto huvipitia kwa mwendo wake baada ya kupimwa, na humfaa mtoto anayejua kusoma vizuri na anayependa kufanya kazi peke yake. Kwa asiyetulia, huo ni mzigo. Mtaala wa Umilisi nao miundo yake hupatikana bila malipo katika tovuti ya Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD). Mpango huu wa kuchanganya humpunguzia mzazi kazi. Mama aliyechoka hadi akawa mtu wa kufoka kila saa hawezi kufundisha lolote.

Kadhalika, wazazi wasifumbie macho sheria na mitihani. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka mzazi ampeleke mtoto shuleni, na suala la elimu ya nyumbani limewahi kufikishwa mahakamani. Pateni ushauri wa wakili. Isitoshe, matokeo ya kuingia sekondari ya juu huhesabiwa hivi: mtihani wa Gredi ya 6 asilimia 20, tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8 asilimia 20, na mtihani wa Gredi ya 9 asilimia 60. Mtoto wa nyumbani tathmini hizo atazifanyia wapi? Swali hili liulizwe mapema, si mwaka wa mtihani.

Mwisho, shule si masomo tu. Ndiko dawa za minyoo hutolewa katika maeneo mengi, na ndiko wasichana wengi wamepata chanjo ya HPV, inayozuia saratani ya mlango wa uzazi, tangu ilipozinduliwa nchini mwaka 2019 kwa wasichana wa miaka 10. Mtoto aliye nyumbani hufuatwa na nani? Ni wewe mzazi. Nenda naye kwenye kituo cha afya kilicho karibu.

Kwa hivyo, kabla ya kununua kitabu hata kimoja, andikeni kwenye karatasi umri wa kila mtoto, usingizi wake, macho yake na kile anachoweza kukisoma leo. Mtaala ufuate karatasi hiyo.