Nani Aliyeshona Gauni Lako?

Mwezi huu naomba tuyaweke kando kidogo mambo ya chanjo na lishe tuzungumze habari za nguo, ingawa mtaona kwamba hata huko zahanati inatufuata.

Mwaka jana kikundi chetu cha wanawake kanisani kilikata shauri kushona sare ya kitenge kwa ajili ya sikukuu. Tulikuwa 34, zimebaki siku 11, na mimi ndiye mhazini. Fundi wetu, dada mmoja mwenye cherehani barazani karibu na soko, alisema shilingi 18,000 kwa gauni. Nikamwambia nguo ni nyingi, atupunguzie. Tulivutana mpaka akakubali 11,000. Niliondoka pale nimefurahi, na kwenye kikao nikapigiwa makofi kwa jinsi nilivyookoa fedha za kikundi.

Siku ya saba, siku ya kliniki ya wajawazito, nilimkuta kwenye benchi. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Siku ile ya kuvutana sikuiona mimba hiyo, au niliiona nikaipita. Miguu ilikuwa imevimba mpaka kandambili zimeacha alama. Presha ilikuwa 150 kwa 100, na mkojo ulionyesha protini. Kichwa kilikuwa kinamuuma kwa siku tatu, akawa anameza panadoli na kuendelea kushona. Nikamwambia namwandikia rufaa, aende hospitali ya wilaya siku hiyo hiyo, maana hizo ni dalili za kuelekea kifafa cha mimba, ugonjwa unaoweza kuua mama na mtoto. Akanitazama, akasema, "Mama, bado magauni 13. Nimeshapokea hela za watu."

Sisemi kwamba cherehani ndiyo iliyomletea presha. Ugonjwa huo humpata hata mama anayepumzika. Lakini zile siku tatu za kichwa kuuma alizikaa barazani kwa sababu ya nguo zetu.

Tangu siku ile nimekuwa nikiikumbuka habari ya Rana Plaza, ambayo zamani niliisikia redioni nikasikitika na kuendelea na kazi zangu. Hilo lilikuwa jengo la ghorofa nane huko Savar, nje kidogo ya Dhaka, mji mkuu wa Bangladesh. Lilianguka tarehe 24 Aprili 2013, likaua watu 1,134, wengi wao wanawake vijana, na kuwajeruhi wengine wapatao 2,500. Nyufa zilikuwa zimeonekana tangu siku iliyotangulia. Benki na maduka ya ghorofa za chini yalifungwa. Viwanda vya nguo vya ghorofa za juu vilifunguliwa asubuhi ile, na wafanyakazi walioogopa kuingia walitishiwa kunyimwa mshahara wa mwezi. Mshahara wenyewe wa kima cha chini ulikuwa taka 3,000, kama dola 38 hivi. Baada ya maafa hayo, mwishoni mwa mwaka ule ule, ulipandishwa ukawa taka 5,300.

Kwa nini wenye benki waliogopa ufa na wenye viwanda hawakuuogopa? Kwa sababu nguo zile zilikuwa za maduka ya Ulaya na Marekani, zenye bei iliyobanwa na tarehe ya kusafirishwa iliyobanwa vile vile. Kiwanda kikichelewa, hasara ni yake. Mama aliyenunua blauzi ile mbali huko hakumtishia mtu yeyote. Alifurahia bei tu, kama nilivyofurahi mimi.

Kuna jambo jingine ambalo sisi wauguzi lingepaswa kutugusa zaidi. Mnazijua jinzi zile zilizopaushwa mapajani, ambazo vijana wetu wanazipenda zionekane kuukuu zikiwa mpya? Njia mojawapo ya kuzipausha ni kuzipuliza mchanga kwa mashine ya upepo. Vumbi lake likiingia mapafuni, mapafu huota makovu, na ugonjwa huo, silikosisi, hauna dawa ya kuuponya. Mgonjwa hukohoa, hukonda, hukosa pumzi, mpaka watu hudhani ni kifua kikuu. Nchini Uturuki madaktari wa mji wa Erzurum waliandika mwaka 2005 habari za vijana wawili waliougua kwa kazi hiyo, kisha wengine wengi wakagunduliwa. Serikali yao iliipiga marufuku mwaka 2009. Kijana anapoteza mapafu ili suruali ionekane imechakaa! Mimi nina wavulana wawili, na nimewaambia jinzi ichakae kwa kuvaliwa.

Najua mwenzangu mmoja atasema, "Mimi nanunua mitumba, hayo yananihusu nini?" Watoto wangu wamekua na mitumba wala sioni haya, tena nguo kuvaliwa na watu wawili ni bora kuliko kutupwa na wa kwanza. Lakini vuta mshono kabla ya kulipa, na uitazame nguo kwenye mwanga. Nyingi za siku hizi zilishonwa ili zivaliwe mara chache, na zisizouzika huishia jalalani, huchomwa, na moshi wa poliesta, ambayo ni plastiki tu, tunauvuta sisi na watoto wetu.

Nirudi kwa fundi. Alilazwa siku ile ile, na baada ya wiki tatu akajifungua mtoto wa kike wa kilo 1.9, ambaye sasa anatambaa chini ya cherehani. Magauni 13 yaliyobaki hayakushonwa kwa wakati. Wenzetu 13 walikuja sikukuu na vitenge vyao vya zamani, na hakuna aliyepungukiwa na kitu.

Kwenye kikao kilichofuata niliomba kila mmoja wa wale 21 waliopata gauni aongeze shilingi 7,000, ili fundi apate bei yake ya kwanza. Palikuwa na maneno. Mmoja alisema makubaliano ni makubaliano, na kwamba biashara si sadaka. Waliotoa ni 14. Zile 49,000 zilizobaki nilizitoa mwenyewe kidogo kidogo, maana mdomo uliopunguza bei ulikuwa wangu.

Mwaka huu tunataka sare nyingine. Nimependekeza fundi apewe wiki sita, alipwe nusu kabla hajakata kitambaa, na aache akiba ya kutosha kwenye mishono na pindo ili gauni liweze kupanuliwa, tulivae miaka mitatu. Lakini tayari nimeambiwa kuna fundi mwingine ng'ambo ya soko anayeshona kwa 10,000, na kwa siku tano tu. Kikao ni Jumapili ijayo baada ya ibada. Nimeomba nipewe nafasi ya kusema kabla ajenda ya bei haijafunguliwa.