Uliyepita arobaini, usione haya kutumia gia nyepesi

Kila mwezi wa Julai televisheni hutuonyesha vijana waliokonda kama unyasi wakipanda milima ya Ufaransa kwa baiskeli, midomo wazi, jasho likiwatiririka, nasi tulioketi kwenye makochi tukaamini kwamba huko ndiko kuendesha baiskeli. Nasema picha hiyo imewadhuru wengi. Imewafanya walio wengi waone kwamba jambo hilo haliwahusu. Na wale wachache wanaothubutu, watu wazima wa miaka 45 au 50 waliopata safari ya kumzuru mtoto anayesoma huko, au waliobaki siku chache baada ya mkutano wa Paris, hukodisha baiskeli na kujitesa kama wanaofukuzwa na nyuki.

Ufaransa itakayokufaa kiafya haiko kwenye milima ya Alps. Iko mashambani, penye vilima na vijiji vya kale. Nitachukua mfano wa eneo moja tu, nalo ni Périgord, katika mkoa wa Dordogne, kusini magharibi mwa nchi hiyo.

Huko hakuna mlima wa kutisha. Ni kupanda kidogo na kushuka kidogo siku nzima, kati ya mashamba ya miti ya jozi, malisho na misitu ya mialoni, na hukai sana barabarani kabla ya kufika kijiji kingine. Ukianzia mji wa Sarlat, waweza kuteremka hadi mto Dordogne, ukapita La Roque-Gageac ambako nyumba zimebanwa kati ya jabali na maji, ukafika Beynac yenye ngome juu ya mwamba, ukavuka mto kwenda Castelnaud, kisha Domme, halafu ukarudi Sarlat. Mzunguko huo wote hauzidi kilomita 50. Wakati wa Vita vya Miaka Mia, ngome za Beynac na Castelnaud zilitazamana kwa uadui, moja ya Wafaransa na nyingine kwa muda mrefu mikononi mwa Waingereza. Leo hii kutoka moja hadi nyingine ni mwendo mfupi wa baiskeli, hata ukienda pole. Jirani yake ni kasri la Les Milandes alikoishi Josephine Baker, yule msanii mweusi mzaliwa wa Marekani aliyewalea humo watoto 12 wa kupanga, na ambaye Ufaransa ilimpa heshima ya kuingizwa Panthéon mwaka 2021.

Yamkini unauliza ngome na wasanii wanahusu nini katika ukurasa wa afya. Zinahusu sana. Kinachomponza mtu mzima katika mazoezi ni kutopumzika, na katika vijiji hivi kila baada ya muda mfupi kuna jambo la kukufanya usimame. Moyo hupanda kwenye kilima, hutulia kwenye mteremko, kisha hupumzika kabisa huku wewe ukitazama ukuta wa karne ya 13. Domme, mathalan, ulianzishwa mwaka 1281 juu ya jabali, na malango yake ya mawe yangalipo. Barabara ya kwenda juu ni kali. Gia zikikuishia, shuka usukume baiskeli kwa mkono. Huko juu hakuna mtu atakayekuuliza umefikaje, na bonde la mto utaliona lote.

Ubishi huu wa haraka na polepole haukuanza na mimi. Wafaransa wenyewe waliupigania zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Upande mmoja alikuwako Henri Desgrange, mhariri wa gazeti la L'Auto aliyeanzisha Tour de France mwaka 1903. Bwana huyu aliandika mwaka 1902 kwamba gia za kubadilisha ni za watu waliopita umri wa miaka 45, na kwamba mwanamume kamili hushinda kwa misuli yake. Mashindano yake hayakuruhusu mtambo wa kubadilishia gia hadi mwaka 1937. Upande wa pili alikuwako Paul de Vivie wa mji wa Saint-Étienne, aliyejulikana kwa jina la Vélocio, ambaye alianzisha jarida la Le Cycliste mwaka 1887 na kuutetea mtambo huo kwa nguvu zake zote. Yeye hakupenda kushindana. Alipenda kusafiri.

Vélocio aliwaachia wafuasi wake kanuni chache, na daktari yeyote wa leo angezikubali karibu zote. Mtu ale kabla njaa haijamshika, anywe kabla ya kiu, avae nguo nzito kabla ya kuhisi baridi. Asichoke kiasi cha kupoteza hamu ya chakula na usingizi. Mvinyo, nyama na tumbaku aviweke kando maadamu yumo safarini. Na asikanyage pedali kwa sababu ya majivuno. (Wataalamu wa siku hizi wangeongeza neno kuhusu kunywa, kwamba maji yakizidi mno huipunguza chumvi ya damu, na hilo nalo ni hatari.)

Mimi niko upande wa Vélocio. Hata yule Desgrange alisema kweli bila kukusudia: ikiwa gia nyepesi ni za waliopita 45, basi wengi wetu ndio hao, tuzitumie. Na wala si za wazee peke yao. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kufunzwa baiskeli na David Kinjah, alishinda Tour de France mara nne, 2013, 2015, 2016 na 2017. Kilichowashangaza watazamaji wengi ni jinsi alivyozungusha pedali upesi upesi katika gia nyepesi pale wengine walipokuwa wakisukuma gia nzito. Kwa upande mwingine, Mwingereza Tom Simpson alifia kwenye mlima Ventoux mnamo Julai 13, 1967, katika joto kali, na mwilini mwake zilipatikana dawa za kusisimua za amfetamini pamoja na pombe. Alikuwa na umri wa miaka 29 tu. Ikiwa bingwa wa miaka 29 aweza kufa kwa kuulazimisha mwili, sembuse wewe mwenye kitambi na presha?

Gia nzito huumiza magoti. Kila unaposukuma kwa nguvu, mfupa wa mbele ya goti hubanwa juu ya mfupa wa paja, na ukirudia hivyo mara maelfu kwa siku, jioni hutaweza kushuka ngazi za hoteli. Chagua gia itakayokuwezesha kuzungusha pedali mara 70 au 80 kwa dakika bila kukaza meno. Kiti kiwe juu kiasi kwamba pedali ikifika chini kabisa, goti libaki limejikunja kidogo tu. Ukihisi ganzi sehemu za siri au vidoleni, usijikaze kiume. Simama, rekebisha kiti au badilisha unavyoshika usukani.

Kipimo cha mwendo ni mdomo wako. Ukiweza kuzungumza na mwenzako sentensi nzima, uko salama, ukishindwa, punguza. Wengine husema kwamba mwendo huo si mazoezi. La hasha! Shirika la Afya Ulimwenguni linamtaka mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na mizunguko miwili kama huo wa Sarlat itakufikisha hapo. Hata baiskeli ya kusaidiwa na umeme siidharau, kwani mguu bado unafanya kazi, na mlima haumtishi tena mtu aliyekaa miaka 20 ofisini.

Wenye maradhi wana mambo yao ya kuzingatia. Ikiwa unatumia dawa za presha za aina ya atenolol, mapigo ya moyo hayatapanda kama ya wengine, kwa hivyo usiitegemee saa ya kuhesabu mapigo. Zile dawa za kukojoza nazo hukausha mwili upesi wakati wa jua. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini apime sukari kabla ya kuondoka na abebe kitu kitamu mfukoni. Na yeyote anayebanwa na kifua akipanda ngazi amwone daktari hapa nyumbani kabla ya kukata tikiti ya ndege. Asingoje kupimwa na kilima cha Domme.

Chakula cha huko ni kitamu na kina hila zake. Périgord ni nchi ya bata na bata bukini, na mafuta yao huingia karibu katika kila sufuria. Kula usiku, tena kwa kiasi. Mchana nunua mkate, matunda na jozi, ukikumbuka kwamba maduka mengi vijijini hufungwa adhuhuri, na mengine hayafunguliwi Jumatatu. Maji yakikuishia, tafuta makaburi ya kijiji. Usicheke, aghalabu pana mfereji, na waendesha baiskeli wa huko hujaza chupa zao hapo. Ukiona maandishi ya "eau non potable", hayo si ya kunywa. Usilidharau jua la Ulaya: katika joto la Agosti 2003 walikufa watu wapatao 15,000 nchini Ufaransa, wengi wao wakongwe. Nenda Mei, Juni au Septemba, na uondoke asubuhi.

Barabarani, kumbuka kwamba huko watu hupita kulia, na ukizoea kushoto, hatari kubwa ni asubuhi unapotoka uani bado una usingizi. Vijijini, pasipo na alama, anayetoka kulia kwako ndiye mwenye haki ya kupita kwanza, hata akiwa ametoka katika kijia kidogo. Sheria humtaka dereva akupite kwa nafasi ya mita moja na nusu nje ya mji, lakini wewe vaa nguo inayong'aa na helmeti. Ukitaka kuanza bila magari kabisa, karibu na Sarlat kuna njia ya reli ya zamani iliyogeuzwa ya baiskeli. Tumia siku yako ya kwanza hapo. Nambari ya dharura ni 112. Andika kwenye karatasi majina ya dawa unazomeza na kipimo chake, uiweke katika mfuko wa shati, si ndani ya begi lililobaki hotelini.