Sur Iko Karibu Kuliko Unguja

Kila likizo ikikaribia, sisi watoto wa Kizanzibari tuliozaliwa Maskati tuna majibu mawili tu. Wenye pesa wanakata tiketi ya Unguja. Wasio nazo wanasema "hapa hakuna kitu cha kuona," halafu wanaishia kuzunguka madukani mpaka usiku. Jibu la pili silikubali kabisa, na la kwanza pia nina neno nalo.

Unguja nendeni, sikatazi. Lakini kama umeshakwenda Unguja mara sita na Sur hujafika hata mara moja, basi unakujua kwa bibi yako kuliko kwako. Tunakaa Maskati kama abiria aliyekalia begi lake, anangoja kuitwa. Wazee wetu wana sababu, wao waliacha kwao. Sisi tuliozaliwa hapa sababu yetu nini?

Sur ni kama kilomita 200, saa mbili na kitu kwa barabara ya pwani. Njiani kuna shimo la Bimmah, maji yake kijani hasa. Kuna Wadi Shab pale Tiwi, unavushwa kwa boti halafu unatembea kwa miguu baina ya majabali mpaka ukute mabwawa ya kuogelea. Mbele kidogo ipo Qalhat, mji wa kale ulioingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2018. Ibn Battuta alifika hapo karne ya 14, huyo huyo aliyefika Mombasa na Kilwa. Sasa nani kasema hakuna kitu?

Msimu wa baridi uliopita tulimchukua bibi yangu. Yuko Maskati tangu miaka ya 70, na Sur hakuwahi kufika. Pale mjini limewekwa jahazi la Fatah al-Khair, lililoundwa hapo hapo Sur mwaka 1951. Bibi akashuka garini taratibu, akalitizama, akaanza kutaja: huu mkuku, hii omo, ile tezi, ule usukani. Akaeleza jahazi zilivyokuwa zikishuka Unguja na kaskazi na kurudi huku na kusi, zimepakia boriti za mikoko za kuezekea nyumba.

Maisha yangu yote namsikia bibi akizungumza Kiswahili, na maneno yale sikuwahi kuyasikia. Kwani nyumbani angeyasema wapi? Sebuleni tunazungumza chakula, skuli na nani kaolewa.

Hiyo ndiyo hoja yangu. Tunalalamika Kiswahili chetu ni cha jikoni, na hatukitoi jikoni. Mtu halitaji jina la kitu asichokiona. Ukimpeleka mzee mbele ya jahazi, au shamba la mitende, au soko la samaki, maneno yanatoka yenyewe, na habari zake pia. Na wazee hawa, jamani, hatutakuwa nao siku zote. Wakiondoka wanaondoka nayo.

Najua mtasema joto. Kweli, Julai hata mimi siendi. Lakini kuanzia Novemba mpaka Machi hali ya hewa inaruhusu. Mtasema pesa. Petroli mnachangiana, chai mnatia kwenye chupa, katlesi na maandazi mnatoka nayo nyumbani. Huna gari? Basi la Mwasalat linafika Sur. Kitu kimoja tu msikifanyie mzaha: tizameni utabiri wa hali ya hewa kabla hamjatoka. Mvua ikinyesha milimani, wadi linajaa ghafla hata kama ulipo wewe jua linawaka.

Jumamosi moja tu. Mzee akae kiti cha mbele, simu ziwekwe chini, na kila mnapofika muulizeni: "Hiki kwa Kiswahili kinaitwaje?"