Bingwa Si Adui: Somo Kutoka Mashamba ya Miwa



Wapendwa wanaparokia, nanyi nyote mnaofuatilia tafakari hii ya kila wiki, safari hii nimeona niyaweke kando masomo ya Dominika niseme juu ya mpira wa miguu. Najua wapo watakaoguna na kusema, Padre naye na mpira! Lakini lililotokea katikati yetu halinipi nafasi ya kunyamaza.

Kama mjuavyo, mashindano ya vijana wa vigango vyetu yamemalizika, na kombe limepanda mlimani. Kigango kidogo kuliko vyote, ambacho ili ukifikie huna budi kuliacha gari barabarani na kutembea kwa miguu saa moja na nusu, kiliwafunga vijana wa mjini mabao mawili kwa moja. Kabla jua halijazama nyuma ya Uluguru nilikuwa nimekwisha kupokea malalamiko matatu. La kwanza, kwamba washindi walichezesha mamluki. La pili, kwamba mwamuzi ni mjomba wa mchezaji mmoja, na katika nchi hii ya Waluguru kila mtu anajua uzito wa mjomba. La tatu lililetwa kwa sauti ya chini na mtu mzima, baba wa familia, tena mwenye kukomunika kila Dominika: kwamba wale wa mlimani "walikuja na mtu wao", na kwamba mwakani na sisi tusiende mikono mitupu.

Dominika iliyofuata, wakati wa kutakiana amani, niliona kwa macho yangu vijana wawili, mmoja wa mjini na mmoja wa mlimani, waliopokea Komunyo ya Kwanza siku moja, wakigeuziana mgongo.

Ndugu zangu, sikutaka kuhukumu kabla ya kuchunguza. Nilifungua vitabu vya ubatizo. Wachezaji wote wa kigango kile wamo, na wengi wao wamebatizwa kwa mikono ya watangulizi wangu katika kanisa lao lile lile la mlimani. Nilimwita mwamuzi, hana undugu na yeyote. Kuhusu lile la tatu sikuhitaji uchunguzi, kwani Mkristo anayemtafuta mganga ili ashinde mpira ameshafungwa kabla ya filimbi kupulizwa. Tena fedha anayoipeleka huko ingewanunulia vijana mipira miwili.

Kisha nikapanda mlimani. Nilifika alfajiri, nikawakuta vijana wale katika kiwanja cha shule ya msingi, kilichochongwa ubavuni mwa mlima, ambacho mpira ukitoka upande wa chini hurudi baada ya dakika kumi. Kwa sababu hiyo wamejifunza kupasiana chini na kwa uangalifu. Katekista wao ana daftari la mahudhurio. Asiyefika mazoezini Jumanne na Alhamisi hachezi Jumamosi, hata awe hodari namna gani, na mtoto wa katekista mwenyewe amewahi kukaa nje kwa sheria hiyo. Basi, huyo ndiye "mtu wao" waliyekuja naye.

Niliposhuka niliikumbuka historia ya mkoa wetu, ambayo vijana wengi hawaijui na wazee wengi wameanza kuisahau. Mwaka 1999, nilipokuwa mwanafunzi wa sekondari, ubingwa wa Ligi Kuu ya Tanzania Bara ulichukuliwa na Mtibwa Sugar, timu ya kiwanda cha sukari kilichopo Turiani, upande wa milima ya Nguru. Mwaka 2000 wakautwaa tena. Si kwamba Morogoro haikuwahi kuonja heshima hiyo, maana Mseto ilikuwa imeileta mwaka 1975. Lakini ubingwa mara mbili mfululizo, kwa timu iliyokaa katikati ya miwa, mbali na kelele za Dar es Salaam, lilikuwa jambo la ajabu. Ili mpime uzito wake, fikirini hili: tangu hapo hadi msimu wa 2024/25, ni timu moja tu nje ya Simba na Yanga iliyoweza kuutwaa ubingwa huo, yaani Azam, katika msimu wa 2013/14, nayo ilifanya hivyo bila kupoteza mchezo hata mmoja.

Siku zile nasi tulikuwa na majibu mepesi. Tulisema, ni sukari ile! Wana kiwanda, sisi tuna nini? Ni kweli, kiwanda kilikuwa nyuma yao, na padre anayehubiri kwamba fedha haina maana katika mpira hajawahi kununua jozi kumi na moja za viatu. Lakini Morogoro hii ilikuwa na timu nyingine zenye majina makubwa. Tulikuwa na Reli, iliyoitwa Kiboko ya Vigogo. Tulikuwa na Tumbaku. Shirika kuwa nyuma ya timu halikutosha kuzihifadhi mahali zilipokuwa. Kwa hiyo, mwenye kuutazama ushindi wa Mtibwa akaona sukari tu, hakutazama vizuri.

Cha kutazama ni namna walivyowalea watu. Wachezaji wao waliishi na kujifua kule kule Manungu, katika mazingira ya shamba, ambako starehe ni chache. Tena waliokua katika klabu hawakutupwa walipozeeka. Mecky Maxime alikuwa mchezaji na nahodha wa Mtibwa, kisha akawa kocha wao. Zuberi Katwila naye aliichezea timu hiyo, na akiwa kocha aliiongoza kutwaa Kombe la Shirikisho mwaka 2018, walipoifunga Singida United mabao 3-2 jijini Arusha. Maarifa ya mzee yalibaki nyumbani, yakarithiwa na kijana.

Na matunda yake yalifika mbali kuliko Turiani. Mwaka 2016 Simba iliwachukua kutoka Mtibwa vijana watatu kwa pamoja: Shiza Kichuya, Muzamiru Yassin na Mohamed Ibrahim. Baadaye Yanga nayo ikawachukua Kibwana Shomari na Dickson Job, ambao walikuwa katika kikosi kilichofika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023. Wapinzani wakubwa walikuja kuchota maji katika kisima cha yule waliyekuwa wakimwita timu ya shamba.

Lakini hapa pia kuna onyo. Waliokuja kuchota, je, walijifunza kuchimba? Kumnunua mchezaji wa bingwa si sawa na kujifunza kwa bingwa. Mchezaji utampata kwa siku moja ya usajili. Malezi yaliyomtengeneza yanadai miaka, na hayauzwi dirisha lolote. Nayo klabu inayotoa vijana wake bora mwaka hadi mwaka hulazimika kuanza upya mwaka hadi mwaka. Msimu wa 2023/24 Mtibwa walimaliza mkiani, wakashuka daraja baada ya zaidi ya miaka ishirini ya kukaa Ligi Kuu. Nakumbuka jinsi watu walivyocheka mjini hapa. Msimu uliofuata wakawa mabingwa wa ligi ya Championship, wakarudi. Anayelima miwa haoni ajabu katika hilo, maana muwa hukatwa hadi chini, na shina lake likitunzwa huchipua tena. Zipo klabu nyingi nchini zilizoshuka zikiwalaumu waamuzi, na hazikupanda tena.

Wapendwa, Mtakatifu Tomaso wa Akwino, ambaye tulimsoma seminarini kwa jasho, anatusaidia kulielewa jambo hili. Anatofautisha huzuni mbili ambazo kwa nje hufanana. Mtu anaweza kuhuzunika kwa sababu mwenzake ana jambo jema, akaliona jema hilo kama linampunguzia yeye heshima. Hiyo ndiyo husuda, nayo ni dhambi. Lakini mtu anaweza pia kuhuzunika kwa sababu yeye mwenyewe hana jema lile ambalo mwenzake analo. Huyu hamtakii mwenzake alipoteze. Anatamani naye alipate. Huzuni hii, ikiwa jema lenyewe ni fadhila, inastahili sifa, maana humsukuma mtu kwenye bidii. Mwalimu huyo anaendelea kuonesha kwamba husuda huzaa watoto: minong'ono, kusengenya, kufurahia mabaya ya mwenzako, na mwishowe chuki. Sasa rudini mkayatazame yale malalamiko matatu niliyoletewa jioni ile, kisha mkumbuke wale vijana wawili waliogeuziana mgongo, na mniambie kama watoto hao hatukuwalea sisi wenyewe katika muda wa juma moja.

Hata wale wakubwa wawili wa Dar es Salaam, ambao wamegawa nyumba zetu na hata kwaya zetu, wanatufundisha jambo hili, wapende wasipende. Simba ilitwaa ubingwa wa Bara mara nne mfululizo, kuanzia msimu wa 2017/18 hadi 2020/21. Yanga wangeweza kubaki wakilalamika. Badala yake walijijenga, wakautwaa wao mara nne mfululizo, kuanzia 2021/22 hadi 2024/25. Yanga walipofika fainali ile ya Afrika mwaka 2023, Simba nao hawakutulia hadi walipoifikia fainali ya kombe hilo hilo mwaka 2025. Wote wawili walizipoteza fainali zao, Yanga mbele ya USM Alger na Simba mbele ya RS Berkane. Lakini kila mmoja alimwinua mwenzake hata pale asipomtakia mema. Je, wangefika wapi kama wangejifunza kwa kutakiana mema?

Najua lipo swali ambalo baadhi yenu mnalo midomoni: Padre, je, hakuna mabingwa wanaoshinda kwa hila? Wapo. Mamluki wapo, na waamuzi wenye kuinama wapo. Kuwa mnyenyekevu hakumaanishi kufumba macho mbele ya udanganyifu. Mwenye ushahidi aulete kwa kamati, kwa jina lake na mchana. Lakini ushahidi ukikosekana, mshindi apewe mkono wake, na sisi tulioshindwa tuulize swali gumu zaidi: wao wanafanya nini Jumanne ambacho sisi hatukifanyi?

Swali hilo linapita kiwanja cha mpira. Kwaya iliyoshindwa katika mashindano ya dekania husema washindi wamependelewa, wala haiulizi wenzao walianza mazoezi mwezi gani. Mama anayeuza mboga za Mgeta akiona meza ya jirani inaisha mapema, husikia maneno ya ndumba kabla hajaona kwamba jirani hufika sokoni saa kumi na moja alfajiri na huosha karoti zake. Mwanafunzi hukasirikia daftari la mwenzake badala ya kuliomba alisome. Mtume Paulo alipotumia mfano wa wakimbiaji kuwafundisha Wakorinto, alisisitiza jinsi mshindani anavyojinyima na kuutawala mwili wake. Hakuwafundisha namna ya kumchunguza anayekimbia mbele.

Basi, baada ya kushauriana na viongozi wa vijana, tumeamua hivi. Kila mwaka, mwezi mmoja baada ya fainali, timu iliyoshindwa itapanda au itashuka kwenda kwa mabingwa, ifanye nao mazoezi Jumamosi moja, ile nao, na mwisho iombe kuliona daftari. Nao mabingwa hawataficha kitu, maana aliyepewa zawadi amepewa kwa ajili ya wote. Na yule baba aliyenijia kwa sauti ya chini namwambia hapa, bila kumtaja jina, kwamba mlango wa kitubio uko wazi, na kwamba namngoja pia katika safari ya mlimani.

Jumamosi iliyopita tulipanda mara ya kwanza. Vijana wa mjini walikuwa tisa. Walishangazwa na kile kiwanja, na baada ya nusu saa ya kuufuata mpira bondeni hakuna aliyezungumzia tena mamluki. Kati ya wale wawili wasiopeana amani, yule wa mjini alikuja. Yule wa mlimani alikaa juu ya jiwe muda mrefu, akitutazama. Tulipokuwa tukijiandaa kushuka, alimletea mwenzake muwa uliomenywa, akaondoka bila kusema neno. Mimi nimeupokea kama mwanzo. Endeleeni kuwaombea wote wawili.

Nawatakieni Dominika njema, yenye amani ya kweli nyumbani na uwanjani.

Ni mimi, Padre wenu.