Tope la Pwani Si Ardhi Tupu

Wako watu ambao, waonapo bahari imekupwa na kuacha tope likimeta juani, husema papo hapo: "Hapa hapana kitu." Husema hivyo wenye fedha watafutao viwanja, na mara nyingine hata wazee wa vijiji ambao babu zao walilelewa na tope hilo hilo. Sisi twasema kwamba neno hilo ni la hatari, na mashahidi wetu leo ni ndege.

Kila mwaka, tangu mwezi wa Agosti, makundi ya ndege wa pwani huteremka kutoka kaskazini ya dunia na kukaa katika mwambao wetu, kuanzia hori la Mida karibu na Watamu, nchini Kenya, hata delta ya Rufiji, Mafia na Kilwa, nchini Tanzania. Ifikapo Aprili, kaskazi ilegeapo na masika iingiapo, wengi wao huondoka kurudi walikozaliwa, maana huko ndiko baridi inakwisha na majani yanachipua. Wazee wetu walizoea kuona majahazi ya Arabuni yakiingoja kusi yapate kurejea kwao. Ndege hawa nao wana msimu wao.

Yumo sululu, mwenye mdomo mrefu uliopinda kuelekea chini. Kila aliyepata kuchimba mtaro atakikumbuka chombo chenye jina hilo hilo. Wamo vitwitwi wa namna nyingi, na mmoja wao, mwenye uzito wa gramu 30 hivi tu, huzaliwa kando ya Bahari ya Aktiki. Yumo pia ndege mweupe na mweusi mwenye mdomo mnene, mla kaa, ambaye huchimba shimo mchangani katika pwani na visiwa vya Omani na Ghuba, akataga humo yai moja.

Mtu aendaye pwani alfajiri mwishoni mwa Machi, akiwa na darubini na kamera, ataona kwamba ndege hawa hawana wakati wa mchezo. Wanakula bila kupumzika: minyoo, kaa wadogo, konokono na kombe. Mafuta wanayoyaweka mwilini siku hizo ndiyo posho yao ya safari. Mwaka 2022 ndege mmoja wa jamaa hii, aliyefungwa chombo kidogo cha kupeleka habari, aliruka kutoka Alaska hadi Tasmania, kilometa zipatazo 13,560, kwa siku 11, pasipo kutua hata mara moja. Asiyeshiba kabla ya safari ya namna hiyo huanguka njiani.

Kwa hiyo mpiga picha naye ana wajibu. Anayewakimbilia ndege ili wainuke wote kwa pamoja apate picha ya kujivunia, anawanyang'anya posho yao. Mwenye busara hukaa kitako na kungoja. Maji yajaapo huwasukuma ndege kumwelekea yeye mwenyewe. Tena, kwa kuwa pwani yetu yatazama mashariki, asubuhi jua humpiga usoni. Basi heri atafute ukingo wa hori utazamao magharibi. Akifanya hivyo, picha yake yaweza kuwa na manufaa makubwa, kwa maana ndege wengine wamevishwa pete miguuni, na pete ikisomeka katika picha hujulikana ndege huyo alivishwa nchi gani na mwaka gani.

Hata hivyo picha peke yake haimwokoi ndege. Alikuwako sululu wa namna nyingine, mwenye mdomo mwembamba, aliyezaliana Siberia na kupita majira ya baridi kandokando ya Bahari ya Mediteranea. Viota vyake vilivyopata kuandikwa na wataalamu vilionekana karibu na mji wa Tara kati ya mwaka 1909 na 1925. Aliwindwa njiani, mabwawa aliyotua yakakaushwa, na nyika zikalimwa. Mwezi wa Februari 1995 alipigwa picha katika wangwa wa Merja Zerga, nchini Moroko. Tangu siku hiyo hakuonekana tena kwa yakini. Mwaka 2024 wataalamu waliandika kwamba ametoweka, na mwaka 2025 aliingizwa rasmi katika orodha ya viumbe waliokwisha duniani. Picha zile za Moroko zipo hata leo, nzuri na safi, lakini ndege mwenyewe hayupo.

Kilichomwangamiza ni mkusanyiko wa mambo madogo madogo, kila moja likifanywa mahali pake na watu waliodhani kwamba kipande chao hakina uzito. Nchi hii ilikausha bwawa lake ikitumaini kwamba jirani analo lingine; jirani naye akafikiri vivyo hivyo.

Tunajua watakaotujibu: "Watu wana njaa, nanyi mnatuhubiria habari za ndege?" Swali hilo ni halali, na jibu lake liko topeni. Kinachomshibisha sululu ndicho kinachowashibisha samaki na kaa tunaowala. Kamba wachanga hukulia katika mikoko kabla ya kwenda bahari kuu. Kina mama waokotao chaza na kombe maji yakupwapo hawahitaji mashua wala mtaji, ila ndoo na mgongo imara. Tope likifukiwa, ndege huondoka kwanza kwa sababu ana mabawa. Mvuvi na yule mama hubaki wakitazama ukuta.

Hatusemi bandari zisijengwe, wala chumvi isivunwe. Nchi haiishi kwa mandhari. Tunalosema ni kwamba kitu kihesabiwe kabla ya kutolewa. Serikali zimekwisha kukubali jambo hili kwa maandishi: mkataba wa kuhifadhi ardhi oevu ulitiwa saini Ramsar, nchini Irani, mwaka 1971, Tanzania ilijiunga nao mwaka 2000, na mwaka 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa likaandikwa chini yake. Lakini karatasi iliyoko kabatini haimzuii mtu mwenye shoka na tingatinga. Wa kumzuia ni watu wakaao pale.

Basi, ndugu zetu wa pwani, siku shauri la kutoa kipande cha tope au cha mikoko litakapoletwa mbele ya kikao chenu, msiridhike kuambiwa kwamba hapana kitu. Ulizeni: Ni nani waokotao hapa maji yakupwapo? Ni samaki gani wakulio hapa? Ni ndege gani walao hapa mwezi wa Machi, nao ni wangapi? Majibu yaandikwe, yasomwe kwa sauti mbele ya wote, kabla mkono wa mtu haujashika kalamu. Na vijana wenye kamera waitwe waje na picha zao, wazitandaze mezani zitazamwe na kikao chote, ili aliyesema "hapana kitu" alirudie neno lake mbele ya ushahidi huo.