Kikao cha Usiku wa Kuamkia Msiba

Ipo filamu ya televisheni ambayo twaipendekeza kwa familia zenye watoto wakubwa. Inaitwa The Challenger, na BBC iliionyesha mwaka 2013. William Hurt ameigiza humo kama Richard Feynman, mwanafizikia wa Marekani aliyekuwa akiugua saratani alipoitwa kujiunga na tume ya kuchunguza ajali ya chombo cha anga cha Challenger.

Chombo hicho kilirushwa kutoka Florida tarehe 28 Januari 1986, na baada ya sekunde 73 kikavunjika angani. Watu saba waliokuwamo walifariki wote, miongoni mwao Christa McAuliffe, mwalimu wa shule, ambaye wanafunzi wa shule yake walikuwa wakimtazama katika televisheni.

Mbele ya tume, Feynman alichukua kipande cha mpira wa aina iliyotumika kuziba viungo vya roketi, akakibana, akakitumbukiza katika bilauri ya maji ya barafu. Alipokitoa na kukifungua, hakikurudi upesi katika umbo lake. Kwa bilauri moja tu, kila mtu akafahamu: mpira uliopoa haukuziba, na moto ukapenya.

Hata hivyo, lililotuhuzunisha zaidi ni kwamba jambo hilo lilikuwa limejulikana. Usiku wa kuamkia siku ile, wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi hizo, akiwamo Roger Boisjoly, walishauri chombo kisirushwe katika baridi iliyo chini ya nyuzi 12 za Selsiasi. Asubuhi ile zilikuwa takriban 2. Maofisa wa NASA hawakuridhika na ushauri huo. Viongozi wa kampuni wakaomba faragha. Mkuu wa uhandisi akatakiwa avue kofia ya uhandisi, avae ya uongozi. Na ushauri ukageuzwa.

Tazameni jinsi mizani ilivyopinduliwa. Badala ya anayetaka kurusha kuthibitisha kuwa ni salama, anayezuia ndiye aliyetakiwa kuthibitisha kuwa pataharibika. Nani awezaye kuuthibitisha msiba kabla haujatokea?

Sisi tunaokaa vikao, vya kamati, vya ukoo na vya posa, mizani hiyo twaijua. Binti husema moyo wake hauna imani na posa iliyoletwa, naye huambiwa alete ushahidi. Mjumbe mmoja hutaja ufa katika ukuta, naye huambiwa asicheleweshe kazi. Kushauriana kwetu ni amri, wala si pambo la kikao. Amwitaye mwenzake amshauri hali amekwisha kukata shauri, hakutafuta ushauri. Ametafuta mtu wa kugawana naye lawama.

Basi itazameni filamu hiyo pamoja, kisha waulizeni watoto wenu: katika nyumba hii, ni nani asemaye asisikilizwe? Na wakilitoa jibu, sisi wazazi tuwe radhi kulisikia, hata kama jina litakalotajwa kuwa lilimnyamazisha ni letu.