MUHALI SI STARA

Wako miongoni mwetu wasemao kwamba khabari za watoto kudhalilishwa hazifai kuandikwa katika karatasi ya siasa. Wasema: hizo ni aibu za majumbani, na zifunikwe, na zikitokea katika nyumba za dini, basi zifunikwe mara mbili. Sisi twasema kauli hiyo ni dhulma iliyovishwa kanzu, na leo twaijibu.

Tuanze na mfano wa mbali, ili hasira isitupofue. Msafiri atokaye Same kwenda Tanga huiacha milima ya Upare mkono wake wa kushoto, akapita Makanya na Hedaru, na afikapo Mombo huiona njia ipandayo Usambara hadi Soni. Hapo Soni, katika miaka ya 1960, palikuwa na skuli ya bweni ya Mtakatifu Mikaeli, iliyoendeshwa na mapadri wa shirika la Rosminian kwa ajili ya wana wa Wazungu. Watoto hao walipigwa na kudhalilishwa miili yao na watu wale wale waliokabidhiwa kuwalea. Wazazi wao walikuwa watu wa tabaka lililokuwa likiitawala nchi. Hata hivyo utawala haukuwafaa wana wao kitu.

Mmoja wa mapadri hao, Kit Cunningham, alirudi Uingereza akawa paroko mashuhuri wa kanisa la St Etheldreda mjini London, akatunukiwa na nishani ya MBE. Zaidi ya miaka 40 ikapita. Wanafunzi wa zamani, sasa wazee wenye mvi, walipotafutana na kusimuliana, ndipo kila mmoja alipojua kuwa hakuwa peke yake. Baadhi ya mapadri wakaandika barua za kukiri na kuomba radhi. Cunningham akairejesha nishani, na Disemba 2010 akafa. Magazeti yakamsifu, na wakubwa wa shirika lake, waliokwisha kujua aliyoyakiri, wakaziacha sifa hizo zipite. Umma haukupata kujua mpaka BBC ilipoyaonyesha mambo hayo Juni 2011. Watu zaidi ya 20, wa Soni na wa skuli nyingine ya shirika hilo huko Uingereza, wakaingia katika madai ya fidia.

Twauliza: nani aliyewapa wakubwa wale haki ya kunyamaza? Sisi tuliokaa chini ya walimu wa chuo tukiwa wadogo tulifunzwa kupambanua haki ya Mwenyezi Mungu na haki ya mja. Aliyejikosea nafsi yake hustiriwa, akatubu, na Mola wake ni Mwingi wa rehema. Lakini aliyemdhulumu mja, msamaha wake uko mikononi mwa mdhulumiwa. Mwenye duka akiwekewa amana, kisha mtumishi wake akaiiba, je, mwenye duka aweza kumwambia mtumishi, "Nimekusamehe, nenda zako"? Mali si yake! Basi na heshima ya mtoto si mali ya padri, wala ya shehe, wala ya mwalimu mkuu, wala ya mwenyekiti wa chama. Anayeifunika haitendi stara. Ni mwizi wa pili.

Na wala asituambie mtu, "Mbona hakusema zamani?" Mtoto hana jina la kuliita jambo lile. Hutishwa, huona haya, hujidhania kuwa ndiye mkosa. Kisha hukua nalo, likamwondolea usingizi, likamharibia ndoa, likamfanya asimwamini mtu. Kimya chake si ushahidi dhidi yake. Kimya ni sehemu ya jeraha.

Tuitazame sheria. Mtoto wa Same leo analindwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ambayo yamwamuru kila mwenye khabari ya mtoto kuvunjiwa haki aipeleke kwa mamlaka ya mtaa. Na wetu wa visiwani ana sheria yake ya mwaka 2011. Tangu mwaka 1998 mahakama za bara zaweza kumtia mtu hatiani katika makosa haya kwa ushahidi wa mtoto peke yake, zikiridhika kuwa asema kweli. Hayo ni mema. Lakini Sheria ya Ukomo ya bara ya mwaka 1971 humpa mdai wa fidia ya madhara miaka 3 tu, ikihesabiwa kwa aliyedhuriwa utotoni tangu afikapo utu uzima. Wazee wale wa Soni wangalibisha hodi katika mahakama ya Same au ya Tanga, wangaliukuta mlango umefungwa tangu ujana wao. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1980 humwachia jaji nafasi ya kuufungua. Kwa nini kwetu saa ya sheria iende mbio kuliko jeraha la mtoto?

Na asiseme mtu kuwa hayo ni ya Wazungu. Uchunguzi uliofanywa mwaka 2009 na kutangazwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa bara wasichana karibu 3 katika 10, na mvulana 1 katika 7, walikwisha kudhalilishwa kabla ya kutimiza miaka 18. Visiwani ilikuwa wasichana 6 katika 100, na wavulana 9. Wavulana walizidi! Nao ndio tunaowapeleka chuoni na dahalia bila ya kuuliza swali, na wanaporudi wamenyamaza twasema wametulia.

Same hiyo hiyo yatufunza jambo jingine. Mwaka 1945 Wapare kwa maelfu waliteremka milimani hadi Same, makao ya Bwana Shauri, wakakaa hapo kuikataa kodi ya mbiru, na wanawake nao wakaingia katika mapambano, mpaka kodi ile ikaachwa. Waliidai hesabu mbele ya mlango wa mkubwa. Je, watoto wa Unguja na Pemba hawastahiki kudaiwa hesabu kama ya kodi?

Basi twadai haya. Isifanywe sulhu ya barazani juu ya mwili wa mtoto. Mkubwa aliyejua akaficha, au akamhamisha mkosa kumpeleka kwa watoto wengine, asimamishwe mahakamani pamoja naye, na taasisi yake ilipe. Miaka ya ukomo iondolewe kwa madai haya, bara na visiwani.

Na tuanze na sisi. Chama kinachoidai Serikali hesabu ya kura na ya mali ya umma hakiwezi kumwonea muhali mwanachama wake, wala mwalimu wa chuo, wala mgombea. Wanachama, kila tawi lijiulize usiku huu: tunamjua nani, na tumemnyamazia kwa nini?

Wabillahi tawfiq.